Mkono Mgongoni

Kuna mguso mmoja ambao mgongo wangu haujausahau. Ni kiganja cha mzee mmoja, kigumu kama gome la mti, kilichotua chini kidogo ya bega langu la kushoto kikatulia. Hakikunisukuma, hakikunivuta. Kilisema neno moja tu: simama. Nikasimama, kamera ikielea mbele yangu, katikati ya safu mbili za wacheza isukuti, picha ikienda moja kwa moja kwa watazamaji, jioni moja huko Buyangu, kwenye msitu wa Kakamega.

Kuusikia mguso ule na kuutii kulinigharimu siku tatu, na mbili kati ya hizo nilizipoteza kwa kiburi. Nazisimulia leo kwa sababu kila Jumamosi, kwenye harusi na mikutano ya injili, naona vijana wenye vipaji wakizunguka na gimbali mikononi, wakiamini kwamba picha nzuri ni kazi ya yule anayeonekana ameshika kamera. Mimi pia niliamini hivyo. Buyangu ndiko nilikoachishwa imani hiyo.

Ukitoka mjini Kakamega unashika barabara ya Webuye kuelekea kaskazini, unapita mashamba ya miwa, kisha unakata mkono wa kulia na kufuata njia ya udongo mpaka lango la hifadhi. Upande huu wa msitu ulitangazwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985, na walinzi wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Msitu wa Kakamega ndio ncha ya mashariki ya misitu ya mvua iliyotanda kutoka Afrika Magharibi kupitia Kongo. Mingi ya miti yake na ndege wake, ndugu zao utawakuta Kongo, hutawakuta Tsavo. Mvua hunyesha hapo kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na desturi yake ni kuja alasiri: asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa radi. Mbega wenye joho jeupe hurukaruka juu kwa juu, na kwenye nyasi zilizo wazi mipera imejiotea yenyewe, kima wakiyala mapera kabla hayajaiva. Msitu huu una unyevu kila mahali: kwenye majani, kwenye kuvu, kwenye shingo ya shati lako. Unyevu huo ndio uliotuamulia kazi yetu yote.

Tulikuwa tumekwenda kurusha kipindi kuhusu isukuti. Ngoma hii ni ya Waisukha na Waidakho, na imepata jina lake kutoka kwa ngoma zenyewe, zinazopigwa tatu kwa pamoja: kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi huanzisha wimbo, wanaume katika safu yao na wanawake katika safu yao humwitikia. Huchezwa mtoto anapozaliwa, watu wanapooana, maiti inaposindikizwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee wanaoijua wanaondoka na vijana wanaoirithi ni wachache. Miaka michache baada ya hapo ndipo sisi tulipokwenda. Kikundi kilitoka upande wa Shinyalu, kusini, kikaletwa Buyangu kwa sababu mwelekezi wetu aliupenda uwanda mmoja wa nyasi uliozungukwa na miti mirefu.

Alitaka picha moja isiyokatwa. Kamera ianzie ndani ya msitu, isikie ngoma kabla ya kuziona, ifuate njia nyembamba chini ya miti, itokeze uwandani, ipite katikati ya safu ya wanaume na ya wanawake, iishie usoni mwa wapigaji watatu. Dakika nne na nusu. Mubashara, maana yake hakuna kurudia.

Picha ya namna hiyo haipigwi kwa kamera ya begani, kwa sababu kila hatua ya mwanadamu ina kishindo na kamera hukisema chote. Jawabu lilipatikana katika miaka ya 1970, Mmarekani Garrett Brown alipobuni chombo kinachoitwa Steadicam. Kilitumika kwa mara ya kwanza katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976, na mwaka uo huo katika Rocky. Mwaka 1978 kikampatia Brown tuzo ya Oscar. Mpiga picha huvaa fulana ngumu iliyofungwa kifuani na kiunoni. Kwenye fulana hushikizwa mkono wa chuma wenye springi, na mkono huo hubeba nguzo. Juu ya nguzo kuna kamera, chini kuna betri na skrini, na karibu na katikati kuna gimbali inayoiacha nguzo igeuke upande wowote. Ukikipima vizuri, chombo chenye kilo 20 na zaidi hukigeuza kwa vidole viwili. Namna ya kukipima ni hii: unailaza nguzo hadi iwe sambamba na ardhi, unaiachia, unahesabu. Ikichukua sekunde mbili au tatu kufika tena wima, umepatia. Maana yake kamera inajua chini ni wapi, ila haikimbilii huko.

Chombo kilichopimwa kwa namna hiyo kinadhurika kwa jambo dogo sana. Ukikigusa kwa unyoya kitageuka. Hebu sasa kifungie kebo.

Swali la kwanza nililouliza Buyangu lilikuwa: kebo ya nini? Siku hizi kuna mitambo ya kurusha picha kwa mawimbi kutoka kwenye kamera hadi kwenye gari la matangazo bila waya wowote. Tuliileta mitambo hiyo, na asubuhi ya kwanza tuliijaribu. Uwandani picha ilikuwa safi. Nilipoingia chini ya miti ikaanza kumeguka vipande kama kioo kilichopigwa jiwe, kisha ikatoweka. Majani yaliyojaa maji huyala mawimbi ya namna hiyo, na pale palikuwa na majani juu, kushoto, kulia na nyuma. Waya wa kawaida wa shaba nao haukufaa: picha ya kiwango cha juu husafiri kwenye waya huo takriban mita 100 tu kabla haijaharibika, na gari letu, kwa amri ya askari wa hifadhi, lilisimama umbali wa mita 200 na ushei, pasipo na mizizi ya kukanyagwa. Amri ile ilikuwa ya haki. Ikabaki faiba.

Wakenya wengi tulilijua neno faiba mwaka 2009, mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na SEACOM ilipotia nanga Mombasa, huku mitaro ikichimbwa kandokando ya barabara zetu hadi magharibi. Kilicho ndani ya mkongo wa baharini ndicho kilichokuwa ndani ya kebo yangu: uzi wa kioo. Kiini chake, pale mwanga unapopita, kina upana wa mikroni 9. Chembe moja nyekundu ya damu ina karibu 8. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano mbali sana kwa mwanga, na mwaka 2009, mwaka ule ule mikongo ilipofika kwetu, akapewa Tuzo ya Nobel. Kisanduku kidogo juu ya nguzo hugeuza picha kuwa mwanga. Mwanga unashuka kwenye uzi mmoja hadi garini. Kwenye uzi wa pili hurudi sauti ya mwelekezi na picha ya marejeo. Mita 200 mwanga huzimaliza kwa muda wa sehemu moja ya milioni ya sekunde, na njiani hupungukiwa na kiasi ambacho hata vipimo vyetu vilikiona kwa shida. Faiba haijali mvua, haijali miti, haijali umeme wa radi ulio jirani. Kwa kazi ya msituni hakuna kilichoishinda.

Nilizaliwa Mombasa. Babu yangu mzaa baba alikuwa baharia wa jahazi, na mimi nilikua nikiziona kamba: amari ya nanga, henza ya kupandishia tanga, demani ya kuliongozea. Kila moja ilikuwa na mahali pake na namna yake ya kukunjwa, na mtoto aliyeiruka kamba iliyokunjwa alipigwa kofi. Hata hivyo nilifika Buyangu nikiwa mpiga picha mwenye jina. Nilikuwa nimevaa Steadicam viwanjani, kwenye tamasha, kwenye sherehe za kitaifa. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, wazee wetu walisema. Nilikuwa nimeusahau.

Asubuhi ile ya kwanza, vibarua sita wa jirani walikuja kutusaidia kubeba. Mmoja alikuwa mzee, kati ya miaka sitini na sabini, mwembamba, kofia ya sufu kichwani. Alinikuta nikihesabu masanduku akanisalimu, "Mulembe." Sikumjibu. Sikumwamkia. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyefundishwa shikamoo kabla ya kufundishwa kutembea, nilimpa mtu wa umri wa baba yangu rola la kebo nikamwambia, "Wewe utafuata nyuma. Usinivute."

Kosa la kwanza la kiufundi lilikuwa langu peke yangu. Kebo za matangazo ziko za namna mbili. Kuna ile nene, yenye nyuzi za kioo pamoja na nyaya za shaba za kupeleka umeme kwenye kamera. Ina unene wa milimita 9 hivi, na kila mita yake ina zaidi ya gramu 100. Na kuna nyembamba, yenye kioo na ganda gumu tu, ambayo huiacha kamera ijitegemee kwa betri yake. Nilichagua nene kwa kuwa nilitaka umeme usiokatika, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kamera. Hesabu yake ni rahisi: mita kumi zinazoburuzwa ni kilo moja, na kilo moja iliyoning'inia nyuma ya kamera inayogeuzwa kwa vidole viwili ni sawa na mtu aliyeishika mkia. Kila nilipogeuka kushoto, upeo wa macho uliinama kulia. Nilishindana nayo siku nzima, mikono ikitetemeka, na jioni picha zilionyesha miti ya Kakamega imelala kama migomba baada ya dhoruba.

Siku ya pili nilibadilisha nikatumia nyembamba, na hapo mambo yakawa mepesi hata nikajisahau. Mazoezi manne yalikwenda vizuri. Kila mara nilipita upande wa kushoto wa mpera mmoja uliosimama pale njia inapotokea uwandani. Zoezi la tano, jua likiwa linashuka, niliona mwanga mzuri upande wa kulia wa mpera ule. Nikaufuata. Sikumwambia mtu. Kebo ilikuwa bado imelala kushoto, pale nilipokuwa nimesogea mbele kisha nikarudi nyuma kidogo ili kuanza upya, na sasa ikajikuta imeuzunguka mti. Niliendelea kutembea. Nilisikia mvuto mgongoni, upeo ukainama, kisha kiungio kilichokuwa kiunoni mwangu, ambacho sikukifunga kwa kamba ya kukinga mvuto kama inavyotakiwa, kikachomoka na kuangukia tope. Garini skrini ikawa nyeusi.

Niligeuka nikamfokea mzee mbele ya watu wote. Nilimwuliza kama alikuwa amelala. Wacheza ngoma waliacha kucheza. Yeye aliinama, akaokota kile kiungio, akakifunika kwa kiganja chake ili matone yasikiingie, maana mvua ilikuwa imeanza. Hakusema kitu.

Usiku ule, chini ya paa la banda letu la kambi, fundi wetu wa faiba, binti aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, alikiweka kiungio chini ya hadubini yake ndogo akaniita nitazame. Kwenye skrini niliona duara, na katikati ya duara nukta ambayo ndiyo njia ya mwanga. Juu ya nukta palikuwa na chembe ya udongo ambayo kwa macho nisingeiona kamwe. Ilikuwa imefunika njia nzima. "Kebo haina kosa, kaka," aliniambia. "Pima upimavyo, mita zote mia mbili ni nzima. Hasara iko kwenye kiungio." Akanieleza kanuni ambayo nimeishika tangu siku hiyo: katika faiba mwanga haupotei safarini, hupotea kwenye maungio. Uzi safi wa kilomita nzima hula mwanga kidogo kuliko kiungio kimoja kichafu. Alikisafisha kwanza kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha kwa spiriti, kisha kwa kikavu tena, akakitazama, akarudia. Ilichukua muda mrefu. Na muda wote ule nilikuwa nikifikiria ile "mulembe" niliyoiacha hewani bila jibu.

Nilitoka nje. Mzee alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza akiikunja kebo kwa mwanga wa taa. Aliikunja kwa umbo la nane, mzunguko mmoja kulia na mmoja kushoto, ili isijisokote itakapovutwa. Hakuna miongoni mwetu aliyemfundisha; sisi wenyewe tulikuwa tukiiviringisha kama waya wa nguo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Alininyamazia kidogo. "Marahaba."

Nilimwomba radhi. Nilimwuliza kukunja kule alikujifunza wapi, akaniambia kwamba alipokuwa kijana, kwao Isukha, alikuwa akilea mafahali wa kupigana. Fahali hupelekwa uwanjani kwa nyimbo na isukuti, watu wakimzunguka wakikimbia, na mwenye kumwongoza hana nguvu za kumshinda. Ana kamba na ana akili. "Ukiikaza kamba," aliniambia, "fahali anajua unaogopa. Ukiiachia sana, anajua haupo. Inatakiwa iwepo, na asiisikie." Kisha akaniuliza swali ambalo, katika miaka yote ya kazi yangu, hakuna mwelekezi aliyewahi kuniuliza: "Kesho utapita upande gani wa mpera? Mimi naweza kukufuata popote, mwanangu. Kebo haiwezi. Kebo inakumbuka ulikopita."

Nilikaa naye mpaka usiku mkubwa. Nilimsimulia habari za babu yangu na kamba za jahazi. Tulipoagana nilikuwa nimejua kwamba katika siku mbili nilikuwa na mwalimu nyuma yangu, nami nikamgeuzia mgongo kwa kila maana ya neno hilo.

Siku ya tatu tuliianza upya. Nilipima chombo kikiwa kimefungwa kebo tayari, wala si kabla, kwa sababu kebo ni sehemu ya uzito. Kutoka kwenye kamera niliteremsha uzi mwembamba na laini kandokando ya nguzo, nikaufunga kila shubiri mbili, ukatoka karibu kabisa na gimbali, maana pale ndipo mvuto wowote hugeuza nguzo kwa uchache. Kutoka hapo ulipinda kwa upinde mpana hadi begani mwa fulana, bila kukunjika. Kioo hakipendi kona kali, na kanuni ya mafundi ni kwamba nusu ya kipenyo cha upinde isipungue mara kumi ya unene wa kebo ikiwa imetulia, na mara ishirini inapovutwa. Kwenye fulana ndipo palipokuwa na kiungio na kamba ya kukinga mvuto. Kwa hiyo kebo ikivutwa, inivute mimi, isiiguse kamera. Betri zilikuwa chini ya nguzo, zikitoa umeme na uzito kwa pamoja.

Kisha mzee akapanga watu, na nilimwacha apange. Mmoja alikaa kwenye pinda la kwanza, penye mzizi mkubwa. Wa pili kwenye mpera. Yeye mwenyewe nyuma yangu. Kazi ya wale wawili ilikuwa kuhakikisha kebo inateleza juu ya nyasi na haipati pa kunasa. Tulitembea njia nzima bila kamera, mara tano, kiganja chake kikiwa mgongoni mwangu. Tulikubaliana lugha: kiganja kikitulia, simama, kidole kimoja kikigusa, nenda, kikigusa mara mbili, rudi kwa njia ile ile. Rudi kwa njia ile ile ndiyo amri kuu ya kebo. Anayezunguka hufunga fundo.

Jambo alilofanya baada ya hapo lisingenijia akilini hata kidogo. Alikwenda kwa kiongozi wa wimbo, akazungumza naye kwa lugha yao, akamwonyesha kebo itakapolala: karibu na safu ya wanaume, kwa sababu hatua zao huinuka juu na wanaiona, si karibu na akina mama, ambao baadhi yao walikuwa watu wazima sana na hucheza wakiwa wamejisahau. Aliomba njia kwa wenye ngoma. Sisi tulikuwa tumekaa pale siku mbili na mitambo yetu, na hakuna aliyekuwa amewaomba.

Saa kumi na moja jioni mvua ilikuwa imekwisha na majani yanadondosha maji. Mwelekezi alihesabu masikioni mwangu. Nilianza kutembea. Chini ya miti kulikuwa na kiza cha kijani. Ngoma kubwa ilisikika kwanza, kisha ya kati, na ile ndogo ikaingia juu yao kama mvua kwenye bati. Nilipita mzizi. Nilipita mpera, upande wa kushoto. Uwanda ukafunguka, na pembe ya swala ikalia. Niliingia katikati ya safu.

Hapo ndipo kiganja kilipotulia mgongoni.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuendelea. Mbele yangu wapigaji walikuwa wameinamiana, jasho likimeremeta, na masikioni mwelekezi alikuwa akisema, songa, songa. Nilisimama. Sikujua kwa nini. Kamera ilitulia juu ya nyuso za akina mama, ngoma zikapiga mzunguko mmoja mzima, labda sekunde sita. Kisha kidole kimoja kikagusa. Nikaenda, nikawafikia wapigaji, picha ikaisha palipotakiwa.

Baadaye nilielezwa. Mama mmoja, mkongwe kuliko wote, alikuwa ameacha safu yake kwa furaha ya wimbo na kuvuka kwa wanaume. Mguu wake ulitua juu ya kebo. Hatua moja zaidi kwangu, na kebo ingekazika chini ya kisigino chake. Angeanguka mbele ya nchi nzima, katika ngoma yake mwenyewe, kwa sababu ya picha yangu. Mzee alingoja mpaka alipoinua mguu. Watazamaji hawakuona chochote. Mwelekezi alinipongeza kwa kule kutulia, akidhani ni uamuzi wangu, nikamwambia ni uamuzi wa nani.

Nimeifikiria siku ile kwa miaka. Tunaisifu Steadicam kwa kuielezea kuwa kamera huru, inayoelea, isiyofungwa na kitu. Lakini uhuru ule wa mbele ulibebwa wote nyuma. Mimi nilikuwa nikiitazama skrini, na anayetazama skrini hawezi kuona miguu ya watu. Kulikuwa na jicho la pili katika picha ile, na halikuwa na lenzi. Tena naona kwamba kebo, niliyoichukia siku ya kwanza kwa kuwa inanifunga, ndiyo iliyonipa adabu ya kazi: ilinilazimu kuijua njia yangu kabla ya kuipita, kuwaambia wenzangu kabla ya kubadili nia, na kurudi nilikotokea bila kumfunga mtu. Aliyezoea kufanya kazi bila waya hujifunza hayo kwa shida, kwa sababu hakuna kinachomkumbusha alikopita.

Na lile neno la fundi wetu kuhusu maungio limenifuata nje ya kazi. Kikosi kinaweza kuwa na kamera ya mamilioni, kebo nzima na mwelekezi hodari, na picha ikapotea kwenye salamu isiyojibiwa.

Wewe unayeanza kazi hii, ukiwa Kakamega, Mombasa, Mwanza au popote, nakuomba mambo machache. Vifunike viungio vyako kila vinapokuwa havijachomekwa, na kila unapochomeka, safisha kwanza. Usichungulie kamwe ncha ya faiba iliyo hai. Mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Pima chombo kikiwa na kebo yake. Mlipe mshika kebo kama mtu wa ufundi, kwa sababu ni fundi, na mpe nafasi ya kutembea njia yote nawe kabla ya siku ya kazi. Mkabidhi pia mamlaka ya kukusimamisha, na akikusimamisha, simama hata kama mkubwa wako anasema songa. Penye watu wenye ngoma yao, waombe njia.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hawagusi kamera mwezi wa kwanza. Wanashika kebo, wanaikunja kwa umbo la nane, wanatembea nyuma yangu na mkono mgongoni. Siku wanapovaa Steadicam kwa mara ya kwanza, anayeshika kebo ni mimi. Kabla hujaomba kamera, ndugu yangu, omba kushika kebo.